Kupanda Mlima Wakati wa Kiangazi

(Maneno yaliyosomwa Nkunga mbele ya walimu na waamini, katika mwaka wa jubilei)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya desturi ya kuwapandisha vijana mlimani wakati wa kiangazi. Wengi wenu mwajua kwamba desturi hiyo ilikatika hapa kwetu, na sasa ni mwaka wa nne. Wengine mwajua na sababu yake, maana sababu ni sisi wenyewe tusemao nanyi leo. Mwaka huu wazazi wametuuliza kama yafaa kuianza tena. Hatukupenda kujibu kwa neno moja la ndiyo au siyo. Twataka kwanza kueleza jinsi milima yetu ilivyo, kisha kusimulia lililotupata, kisha kusema mambo ambayo hatuna budi kuyashika kama tutapanda tena. Na mwisho kukata shauri ni kazi yenu.

1. Milima yetu

Mtu aliyezaliwa chini ya mlima hauulizi habari zake, kama vile mtoto asivyouliza habari za nguzo ya nyumba ya baba yake. Ameikuta imesimama. Walakini yatupasa kuuliza, maana wageni hutoka mbali kuja kuitazama milima hii, na sisi wenyeji tukiulizwa twajibu kwamba ni mahali pa kukata kuni.

Rungwe wenyewe una urefu wa karibu mita 2,960 kutoka usawa wa bahari. Ni mlima uliofanywa na moto wa chini ya nchi. Miaka 4,000 hivi iliyopita ulitoa mlipuko mkubwa sana, hata mawe yake mepesi yakatapakaa juu ya nchi pande zote. Mawe hayo twayaona hata leo mahali ambapo barabara imekata kilima: ni tabaka jeupe-jeupe, nayo mawe yenyewe yana vitundu kama mkate, na mtoto akiyatupa majini huelea. Udongo wetu mweusi unaootesha ndizi, chai na viazi asili yake ni majivu ya moto huo. Basi chakula tunachokula twakipata kwa mlima.

Kusini yake kuna Kiejo, mlima wa mita 2,175. Huo haujalala siku nyingi. Yapata miaka mia mbili tu tangu ulipotoa mto wa mawe yaliyoyeyuka, nao ukashuka ubavuni mwake kwa mwendo wa kilometa kadhaa kabla ya kupoa. Na upande wa Poroto kuna ziwa Ngozi, lililomo ndani ya shimo kubwa la mlima wa moto. Urefu wake ni kilometa mbili na nusu hivi, na kina chake kama mita 75, wala hapana mto uonekanao ukitoka ndani yake. Mtu hupita msituni katikati ya migomba-mwitu, akipanda kwa mwendo wa saa moja na zaidi, asione kitu ila miti. Mara miti inakoma, na ziwa liko chini ya miguu yake, mbali sana, la kijani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Tumewaona watu wazima wenye maneno mengi wakifika pale na kunyamaza.

Mito yetu, Kiwira na Mbaka, hunyweshwa na misitu ya milima hii, kisha hushuka mpaka ziwa Nyasa. Mvua yetu kwa mwaka huzidi milimita 2,000 katika mji wa Tukuyu, nayo ni nyingi kuliko ya karibu kila mahali katika Tanzania. Ndiyo maana tunangoja kiangazi. Tangu Novemba mpaka Mei njia za msituni ni matope na utelezi; bali tangu Juni mpaka Oktoba zinakauka, nayo mavuno ya mahindi yamekwisha, na wanafunzi wana likizo yao.

Lakini, ndugu zetu, kiangazi chetu si kiangazi cha pwani. Juni na Julai ni miezi ya baridi, na mlimani baridi ni kali zaidi. Wataalamu wamepima, wakaona kwamba mtu akipanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi. Tukuyu uko katika mita 1,600 hivi. Basi kileleni Rungwe kuna upungufu wa nyuzi nane kuliko mjini, kabla hatujauhesabu upepo, kabla hatujaihesabu nguo iliyolowa jasho. Jambo hili tulilijua kwa kichwa, maana tulilifundisha darasani. Mtasikia jinsi tulivyolisahau.

2. Kwa nini tulipanda

Katika shule tulizosomea sisi, mwalimu alichora mlima wa moto ubaoni kwa chaki, akaandika majina ya sehemu zake, nasi tukayakariri. Dirisha la darasa lilikuwa wazi, na Rungwe ulikuwa dirishani. Hapana hata mmoja katika sisi aliyegeuza kichwa. Tulijibu mtihani vizuri, tukafaulu, tukatoka shuleni bila kufahamu kwamba mwalimu alikuwa akiueleza mlima ule uliokuwa nyuma ya shingo zetu.

Tulipokuwa walimu nasi tukaona kwamba watoto wetu wako hivyo hivyo. Mtoto wa kwetu huenda msituni kwa kutumwa tu: alete kuni, alete fito, atafute ng'ombe aliyepotea. Hajapewa kamwe siku moja ya kwenda kutazama. Na kitu ambacho mtu hakukitazama, atakilindaje?

Twawapa mfano mmoja. Mwaka 2003 wataalamu waliokuwa wakiuchunguza msitu wa Rungwe walikutana na mnyama ambaye vitabu vyao havikuwa naye. Ni kima mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia, na nywele za kichwani zilizosimama kama shungi. Habari zake zilitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 wataalamu wakaona kwamba hana ndugu wa karibu wa kuhesabiwa naye, wakamfanyia ukoo wake peke yake, wakauita Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Duniani kote yuko katika misitu yetu ya Rungwe na Kitulo, na katika msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, basi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kwamba wote pamoja walikuwa 1,117. Shule mbili tu za kwetu, mkiziweka pamoja, zaweza kuwa na watoto wengi kuliko hao.

Na jina lake ni nani? Ni kipunji. Jina hilo hawakulitunga wataalamu. Walilipokea kwa wawindaji wa kwetu, ambao walimjua tangu zamani. Basi elimu hiyo ilikuwamo vinywani mwa wazee wetu, walakini sisi walimu hatukuwauliza. Mwaka 2009 mlima wa Rungwe ukawekwa chini ya sheria kuwa hifadhi ya mazingira asilia, watu wasikate miti wala kutega wanyama ndani yake. Sheria ni njema. Lakini mti hulindwa zaidi na mtu aliyekaa chini yake siku moja akiwa mtoto, akala viazi vyake, akasikia mlio wa kipunji juu ya kichwa chake.

Kwa sababu hizo tulipanda na vijana kila kiangazi, miaka sita mfululizo. Nasi twakiri kwamba tulikuwa na sababu nyingine iliyofichika. Sisi tunapenda mlima.

3. Kwenda peke yako

Hapa tutasema kidogo juu ya mtu aendaye peke yake, maana katika jambo hili lilianza kosa letu.

Tangu ujana wetu tulizoea, siku moja moja za kiangazi, kuondoka nyumbani gizani na kupanda peke yetu. Wazee walituonya. Walisema mtu aendaye mlimani bila shughuli ana jambo analolificha, au amegombana na mkewe. Sisi hatukugombana na mtu. Tulikwenda kwa kuwa kule juu, baada ya mianzi, mahali msitu unapokwisha na majani mafupi kuanza, mtu husikia pumzi yake mwenyewe, na mambo yaliyomsonga juma zima hurudi kila moja mahali pake. Katekista husikiliza mashauri ya watu wengi, ya ndoa, ya mipaka ya mashamba, ya watoto wakaidi. Nasi twahitaji siku ya kutosikia neno.

Aendaye peke yake huchagua mwendo wake. Akitaka kukimbia hukimbia, akichoka hukaa, wala hamdai mtu wala hadaiwi. Akikosa njia, amejikosesha mwenyewe. Ni raha kubwa, hatukatai. Lakini mtu aliyeizoea raha hiyo akawa kiongozi wa watoto, ana hatari ya kuwaongoza kama ajiongozavyo. Miguu yake imezoea kutomngoja mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

4. Lililotupata

Ulikuwa mwezi wa Julai. Tuliondoka na vijana 32, wavulana kwa wasichana, na watu wazima watatu: mwalimu mwenzetu, mzee mmoja aliyekuwa mwindaji zamani na sasa huongoza wageni, na sisi. Mbingu ilikuwa safi. Chini ya mlima, kabla ya kuingia msituni, tuliwasimamisha vijana tukawaambia maneno ya kuwatia moyo, na mwisho tukafanya mzaha. Tulisema, "Mlima hautaki wavivu." Wakacheka wote. Nasi tukacheka, tukatangulia.

Katika vijana hao alikuwako mmoja wa miaka kumi na minne, mpole, asiyesema sana. Viatu alivyovaa vilikuwa vya kaka yake, vikubwa kuliko mguu wake, naye alikuwa ametia majani makavu ndani ili visivuke. Kabla hatujafika kwenye mianzi kisigino chake kilikuwa kimechubuka na kutoka damu. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile hakumwambia mtu, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mlima hautaki wavivu.

Tulifika juu saa saba, tumechelewa. Tulikuwa mbele pamoja na wavulana wenye nguvu sita au saba, na wengine walifika mmoja mmoja nyuma yetu. Tulikula, tukawaonyesha ziwa Nyasa likimeta mbali kusini. Tulipokuwa tukiimba, ukungu ukaja. Haukuja kama mvua ijavyo, kwa kishindo. Ulipanda kutoka bondeni kimya kimya, na kabla wimbo haujaisha, aliyekaa hatua ishirini mbali nasi hakuonekana tena.

Tukaanza kushuka, nasi tukatangulia kama desturi yetu. Kweli tuliita, "Mpo?" na sauti zikajibu, "Tupo!" Lakini sauti thelathini na moja zikijibu pamoja, ni nani awezaye kusikia kwamba moja haimo?

Katikati ya msitu kuna mahali ambapo njia ya zamani ya wapasua mbao huachana na njia ya kushukia. Hatukusimama pale. Hata tulipotoka msituni, saa tisa na nusu, tukahesabu: thelathini na mmoja. Tukahesabu tena: thelathini na mmoja. Mtoto mmoja akasema, "Labda yeye ametangulia nyumbani." Ndugu zetu, neno hilo tuliliamini. Tuliliamini kwa kuwa lilitufaa. Tukakaa pale kama nusu saa tukiulizana na kutuma mtu kijijini, hata yule mzee mwindaji akasimama, akafunga kitambaa chake kichwani, akasema, "Mtu akitangulia, nyayo zake hutangulia. Mimi sikuziona." Akarudi msituni pasipo kungoja ruhusa yetu. Nasi tukamfuata, tukimwacha mwalimu mwenzetu na wale wengine.

Tulimkuta mtoto baada ya saa kumi na mbili, giza limekwisha kuingia chini ya miti. Alikuwa ameketi pale njia zinapoachana, mgongo wake kwenye shina la mti. Alikuwa ameifuata njia ya wapasua mbao kidogo, akaona haina nyayo mpya, akarudi mpaka njia panda, akakaa. Nyanya yake alikuwa amemfundisha tangu utoto kwamba aliyepotea asitangetange, akae mahali pale alipoonekana mara ya mwisho. Maneno ya yule nyanya ndiyo yaliyomwokoa, si sisi.

Tulipomfikia tulifurahi kuona kwamba hatetemeki. Mzee hakufurahi. Alimshika mikono, akamwuliza jina lake, na mtoto akalitaja polepole kama mtu aliyelewa, kisha akasema anataka kulala tu. Mzee akatuambia, "Baridi ikimtetemesha mtu, mwili wake bado unapigana. Akiacha kutetemeka naye bado amelowa, mwili umeanza kushindwa." Akamvua shati lililolowa, akamvika sweta lake mwenyewe lililokuwa kavu, akamkumbatia kifuani. Katika chupa yetu kulikuwa na chai ya sukari iliyobaki, yenye uvuguvugu. Alipoweza kumeza vizuri tukampa kidogo kidogo. Baada ya muda alianza kutetemeka tena, naye mzee akasema, "Sasa vema." Ndipo mtoto akatutazama, akasema, "Ndaga."

Tukambeba kwa zamu mgongoni. Tulifika kwao saa tatu usiku. Mama yake alikuwa amesimama njiani na taa. Alimpokea mtoto, akampapasa uso na mikono, akamtia ndani, kisha akatoka tena akaja mpaka mbele yetu. Hakupaza sauti. Alituuliza, "Mwalimu, ulikwenda na watoto, au ulikwenda na mlima?"

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo tumelitafuta, na jibu la kweli ni kwamba tulikwenda na mlima.

5. Yatupasayo

Tangu mwaka ule hatukuwapandisha vijana tena. Lakini tulikwenda kwa yule mzee mara nyingi, tukamwomba atufundishe kama mwanafunzi anavyofundishwa. Haya tunayoyasema sasa mengine ni yake, mengine tumeyapata kwa wasimamizi wa hifadhi, na mengine tumeyalipia.

La kwanza ni ruhusa na kiongozi. Mlima ni hifadhi. Yatupasa kwenda ofisini kwao kabla, kuandikisha majina, na kuongozwa na mtu anayezijua njia. Mwalimu asiseme, "Mimi nimezaliwa hapa." Ukungu haujali mtu alikozaliwa.

La pili ni saa. Tuondoke mapema ili jua litukute msituni, na ikifika saa sita mchana turudi, mahali popote tulipo, hata kama kilele kinaonekana. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana kilele kilicho karibu humvuta mtu kama ng'ombe aonaye chumvi. Lakini ukungu mara nyingi huja baada ya saa sita, na giza la msituni huanza kabla ya giza la shambani. Kilele kitakuwapo mwakani.

La tatu ni mwendo. Aliye dhaifu kuliko wote ndiye atakayetangulia pamoja na kiongozi, na wote watafuata mwendo wake. Nyuma kabisa atakuwako mtu mzima ambaye kazi yake ni moja tu, kwamba asimpite mtu. Wenye nguvu wapewe mizigo. Hiyo itawapunguzia mbio. Na kila watoto wanane wawe na mtu mzima wao, anayewajua kwa majina. Siku ile sisi tulikuwa watatu kwa watoto 32. Hesabu hiyo ilikuwa mbaya kabla hatujaondoka nyumbani.

La nne ni kuhesabu. Kila mtoto apewe namba yake, na kila tunaposimama kila mmoja ataje namba yake kwa zamu, ili pengo lisikike. Na penye njia panda tusimame wote mpaka wa mwisho afike. Hilo tulilolikosa lingetuchukua dakika tano.

La tano ni nguo na chakula. Walimu, tazameni miguu ya watoto siku moja kabla ya safari. Asiye na viatu vya kumfaa aazimwe, na asipopata abaki na wenzake katika kazi nyingine yenye heshima, asionewe haya. Kila mtu achukue sweta kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, asilivae wakati wa kupanda, bali alivae tunapopumzika. Achukue maji ya kutosha, na ndizi au viazi vya kuchemsha, na kitu kitamu cha kutia nguvu upesi. Wakubwa wachukue tochi, maana simu ya mkononi msituni mara nyingi haishiki mtandao, nayo ikitumika kwa mwanga huisha moto mapema.

La sita, kila mtoto afundishwe neno la nyanya yule: ukipotea, kaa. Apewe na filimbi, apulize mara tatu, anyamaze, apulize tena mara tatu. Na wakubwa wajifunze dalili za baridi tulizozitaja, yaani ulimi mzito, miguu ijikwaayo, usingizi, na mtu kukataa kusaidiwa.

La saba ni la nchi yetu hasa. Katika milima hii iko hewa nzito itokayo ardhini. Ndiyo hewa ile ile itiwayo katika soda, na katika wilaya yetu huvunwa kwa biashara. Haina rangi, nayo hulala mabondeni na katika mashimo, hasa pasipo upepo. Mkiona shimo lenye ndege au wadudu waliokufa, msishuke, wala msimpumzishe mtoto ndani ya shimo ati kwa kujikinga na upepo. Tena msiwashe moto msituni wakati wa kiangazi, hata wa kuota. Cheche moja yaweza kula mlima kwa siku nyingi, na kipunji hana mlima mwingine.

Na aendaye peke yake? Hatutamkataza, maana tungekuwa wanafiki. Twamwambia hivi tu: mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa utakayorudi, usibadili njia baada ya kumwambia, na ukirudi mwambie umerudi. Sisi sasa twamwambia mke wetu, naye hutuandikia saa kwa mkaa ukutani jikoni, asitusahau.

6. Mwisho

Ndugu zetu, wako wazee watakaosema kwamba haya yote ni taabu ya bure, watoto wakae nyumbani. Twaheshimu neno lao; lilitokana na hofu yenye haki. Walakini twawakumbusha kwamba watoto hawakai nyumbani. Wataingia msituni tu, kwa kuni, kwa asali, kwa mitego, peke yao, bila sweta wala filimbi wala mtu wa kuwahesabu. Basi tukiacha kuwapandisha hatuwaondoi mlimani. Tunawaacha mlimani bila sisi.

Wako na vijana watakaosema kwamba kanuni hizi zinaondoa raha. Nao twawaambia kwamba kiangazi kilichopita tuliwaomba walimu sita waende nasi kuzijaribu, tukamtanguliza mwalimu mmoja mwenye umri mkubwa na magoti mabovu. Tulikwenda kwa mwendo wake. Saa sita ilitukuta bado tuko katika mianzi, tukageuka, hatukuona kilele. Lakini kwa sababu ya kwenda polepole na kusimama mara kwa mara, tulisikia juu yetu mlio kama wa mtu abwekaye na kupiga honi pamoja, na matawi yakatikisika. Yule mzee mwindaji akanyosha kidole. Walikuwa kipunji kama kumi na wawili, na mama mmoja ana mtoto tumboni amemkumbatia. Katika miaka yote tuliyopanda tukitangulia mbele kwa nguvu, hatukuwahi kuwaona hata mara moja.

Yule kijana wa siku ile sasa ni mtu mzima. Ametujia mwezi uliopita, akasema kwamba tukipanda tena yeye anaomba kazi moja, ya kwenda nyuma kabisa. Tulimjibu kwamba hatuwezi kumkubali wala kumkataa mpaka wazazi wamekata shauri, na hasa mzazi mmoja. Mama yake yumo humu leo. Hatukumwomba aseme lolote, wala hatumwombi sasa. Tumesoma maneno haya mbele yake ili ayasikie yote kutoka kinywani mwetu, na kama kuna tulilolificha, yeye anajua, na alirekebishe.

Sisi tumekwisha. Aliye na neno na asimame.